Historia ya dunia kwa darasa la 7 na la 8: ufuate miaka, ufuate mada, au uanzie kwenye shaba?

Kila mwaka, siku chache kabla ya shule kufunguliwa, mwalimu wa historia hapa Lubumbashi anakaa mezani na mpango wake wa masomo na kujiuliza swali lilelile: nianzie wapi? Watoto wa darasa la 7 na la 8 wana miaka 12, 13, 14. Wametoka shule ya msingi wakijua majina ya mito, ya majimbo na ya marais. Sasa wanatakiwa waelewe mapinduzi ya viwanda, mkutano wa Berlin, vita viwili vya dunia, vita baridi na uhuru wa Afrika, yote hayo kwa vipindi vichache vya wiki, benchi moja watoto watatu au wanne, na kitabu kimoja mkononi mwa mwalimu.

Nimefundisha kwa njia tatu, kila moja si chini ya mwaka mzima: kufuata miaka toka mwanzo hadi mwisho, kufuata mada, na kuanzia kwenye kitu cha hapa kwetu kisha kutoka nacho kwenda duniani. Ninaziweka hapa bega kwa bega kwa ajili ya mwenzangu anayechagua. Nina upande wangu, na nitausema, lakini najua madarasa hayafanani.

Somo moja, njia tatu

Tuchukue Vita Kuu ya Kwanza, kwa sababu hakuna mwalimu anayeweza kuiruka.

Ukifuata miaka, unaandika ubaoni: 28 Juni 1914, Sarajevo. Gavrilo Princip, kijana wa miaka 19, anampiga risasi Franz Ferdinand, mrithi wa kiti cha ufalme cha Austria na Hungaria. Unachora mishale kuonyesha nani ana mapatano na nani. Tarehe 4 Agosti majeshi ya Ujerumani yanaingia Ubelgiji. Yanafuata mahandaki, Verdun mwaka 1916, mapinduzi ya Urusi mwaka 1917, Marekani kuingia vitani mwaka huohuo, silaha kunyamaza tarehe 11 Novemba 1918, mkataba wa Versailles mwaka 1919. Ukimwuliza mtoto kipi kilitangulia, anakujibu bila kusita. Ukimwuliza jambo hilo linamhusu nini yeye, anaangalia daftari, halafu anaangalia dirishani.

Ukifuata mada, unaanza na swali. Mimi nilikuwa nikiandika hivi: kwa nini mtu anakwenda kufa katika vita ambavyo si vyake? Kisha naugawa ubao mara mbili, vita vya 1914 upande mmoja, vya 1939 upande wa pili. Wanajeshi kutoka Senegal na makoloni mengine ya Ufaransa walipigana Ulaya mara zote mbili. Wahindi walipelekwa na Uingereza zaidi ya milioni moja katika vita vya kwanza. Wakongomani wa Force Publique, jeshi la koloni, waliingia Tabora mwezi Septemba 1916, na mwaka 1941 wengine wakaenda mpaka Ethiopia na kuwashinda Waitalia huko Saio. Watoto wanaona wenyewe kwamba jambo lilijirudia. Hapo darasa linawaka: kila mtu ana neno.

Ukianzia kwenye kitu, unawaambia watazame nje. Sisi tulio katika mji huu tuna bahati ambayo walimu wengi duniani hawana. Shemine kubwa ya kiwanda, yaani bomba lake la moshi, na terili yake nyeusi, kile kilima cha takataka za madini, vinaonekana toka mitaa mingi. Kiwanda hicho kiliyeyusha shaba yake ya kwanza mwaka 1911, mwaka mmoja tu baada ya reli kufika ikitoka kusini na mji kuzaliwa kwa jina la Élisabethville. Basi nauliza: shaba ya mwaka 1915 ilikwenda wapi?

Hapo ninatoa mfukoni kipande cha waya wa shaba, wa kawaida, ule wa mafundi umeme, na kukipitisha benchi kwa benchi. Kila mtoto anakikunja kwa vidole. Wanakuta ni laini. Nawachorea kombora la mzinga na mkanda wa shaba unaolizunguka karibu na kitako. Chuma ni kigumu mno, lakini shaba kwa ulaini wake inajibana ndani ya mifereji ya mtutu, na mifereji inalizungusha kombora ili liende moja kwa moja bila kuyumba. Ule ulaini walioushika kwa mkono wao ndio uliofanya shaba ya Katanga, jimbo letu, itafutwe na Waingereza wakati wa vita. Kutoka hapo tunafuata reli kwenye ramani: kusini, kuvuka Zambezi, hadi bandari ya Beira, kisha meli, kisha viwanda, kisha uwanja wa vita. Sarajevo inakuja baadaye, na ikija, kuna mtu anayeingoja.

Na vita havikuwa mbali. Mwezi Agosti 1914 meli ya Wajerumani ilishambulia upande wetu wa ziwa Tanganyika, huko Lukuga, ambako leo ni Kalemie. Katika darasa langu huwa wapo watoto ambao mama zao ni wa Kalemie. Hao wanakaa wima. Mwisho wake pia ulikuwa karibu na sisi. Ulaya iliacha kupigana tarehe 11 Novemba, lakini jenerali wa Wajerumani wa Afrika ya Mashariki, Paul von Lettow-Vorbeck, aliweka silaha chini tarehe 25 Novemba 1918 huko Abercorn, mji unaoitwa leo Mbala, Zambia. Wiki mbili zaidi watu walikuwa bado wanabeba mizigo na kufa kwa ajili ya vita vilivyokwisha. Na ile reli iliyopeleka shaba ndiyo iliyotuletea homa kuu ya 1918.

Kufuata miaka: pale panaposaidia, pale panapokwama

Sipendi walimu wanaodharau njia hii. Mtoto asiyejua kipi kilitangulia hawezi kueleza sababu ya kitu chochote, kwa kuwa sababu hutangulia na matokeo hufuata. Njia hii pia inamfaa mwalimu anayeanza kazi, inamfaa yule anayepokea darasa katikati ya mwaka, na inampa inspekta kitu ambacho macho yake yamezoea: fishi ya maandalizi, jurnali ya darasa, sura ya 1, sura ya 2. Mwalimu akiugua wiki mbili, anayemshika mkono anajua pa kuendelea.

Tatizo lake ni muda. Ukianza na mashine ya mvuke ya James Watt, ukapita mapinduzi ya Ufaransa ya 1789, ukaingia Napoleon, likizo ya Krismasi inakukuta bado uko Ulaya. Pasaka iko 1914. Mwezi Juni unafunga mwaka kwenye 1945, na yale ambayo mtoto huyu anayasikia nyumbani kila siku, uhuru, Lumumba, Mobutu, kufungwa kwa viwanda, yanabaki kwenye kurasa za mwisho ambazo hakuna aliyezifikia. Miaka miwili mfululizo nilifunga hivyo. Watoto walitoka kwangu wakijua vita vya Waterloo bila kujua kwa nini barabara nyingi za mji wao zina majina mawili, la zamani kinywani mwa wazee na jipya kwenye kibao.

Kama unachagua njia hii, kata mwanzo bila huruma. Kwa watoto wa umri huu mimi ningeanzia karibu na 1880, nikarudi nyuma kwa mapinduzi ya viwanda wiki mbili tu, ili mkutano wa Berlin, toka 15 Novemba 1884 hadi 26 Februari 1885, uingie kabla ya Krismasi na mwaka 1960 uingie kabla ya Pasaka.

Kufuata mada: moto mkubwa, majivu mengi

Kwa mazungumzo, hakuna njia inayoishinda. Somo bora nililowahi kufundisha kwa mada lilikuwa la kazi ya watoto. Uingereza ya mwaka 1833 ilitunga sheria kwamba viwanda vya nguo visiajiri mtoto aliye chini ya miaka 9. Niliisoma sheria hiyo mbele ya watoto wa miaka 13, nikawauliza wanaona nini ndani yake. Mvulana mmoja wa nyuma akasema: maana yake mwenye miaka 9 aliruhusiwa. Kimya kikaingia. Halafu wakaanza kusema juu ya wenzao waliowajua shule ya msingi ambao leo wanaosha madini mtoni. Sikuwa nimepanga mazungumzo hayo, na sikuyakatiza.

Sasa majivu. Mwishoni mwa mwaka uleule niliuliza katika mtihani ni nani aliyesikiliza hotuba ya Lumumba siku ya uhuru, tarehe 30 Juni 1960. Karatasi baada ya karatasi iliniambia: mfalme Léopold wa Pili. Léopold wa Pili alikufa Desemba 1909, na Lumumba alizaliwa Julai 1925. Aliyekuwa ameketi pale alikuwa mfalme Baudouin wa Ubelgiji. Walioandika hivyo hawakuwa wavivu; miongoni mwao walikuwamo watoto wangu hodari kuliko wote. Kosa lilikuwa langu. Nilikuwa nimeweka "ukoloni" kama mada moja, toka 1885 hadi 1960, wafalme wote ndani ya mfuko mmoja, na mfuko hauna mbele wala nyuma. Mwaka huo ndio ninaouhesabu kuwa nimeupoteza.

Kwa hiyo mada ninaiweka mwisho, darasa la 8, kwenye miezi miwili ya mwisho, mtoto akiisha kupata mahali pa kutundikia mambo. Mada mbili zinatosha. Kazi ni moja. Ya pili mimi huchagua mipaka: nani aliyechora, alichora lini, nani aliulizwa.

Kuanzia kwenye kitu: njia ninayoipenda, na hatari zake

Tunavyo vitu vya kutosha. Msalaba wa shaba, ule ambao wahenga wetu waliutengeneza karne nyingi kabla ya Mzungu kufika na uliotumika kama fedha, unakuingiza kwenye biashara ya kale, na pia kwenye bendera ya Katanga ya 1960 iliyobeba misalaba mitatu. Jiwe la kijani la malakita unalipata kwa wachongaji sokoni kwa bei ya mwalimu. Tikiti ya treni, picha ya harusi ya kambo, yaani babu, mbele ya nyumba ya kampuni, noti ya zamani yenye uso wa Mobutu na kofia yake ya chui. Kila kimoja ni mlango.

Lakini acha nikuonyeshe kitu ambacho hakishikiki, kwa sababu hakiwezi kuletwa darasani na hakipaswi: madini ya urani ya Shinkolobwe, upande wa Likasi. Ninaanza na ramani na vidole. Kutoka hapa hadi Likasi ni karibu kilomita 120, safari ambayo nusu ya darasa wameifanya kwa basi. Shimo lilichimbwa kwanza kwa ajili ya radiumu. Mwaka 1940 mkurugenzi wa Union Minière, kampuni ya madini ya Katanga, Edgar Sengier, akiogopa Wajerumani, alipeleka New York zaidi ya tani 1,000 za madini hayo, zikawekwa katika ghala huko Staten Island. Zilikaa humo hadi Septemba 1942, jeshi la Marekani lilipozinunua kwa kazi yake ya siri ya kutengeneza bomu la atomiki. Sehemu kubwa ya urani ya kazi ile ilitoka Kongo. Tarehe 6 Agosti 1945, Hiroshima. Hapo sisemi kitu kwa dakika nzima. Halafu ninauliza: wachimbaji waliambiwa wanachimba nini? Swali hilo moja linafungua vita vya pili, sayansi, siri za serikali, na vita baridi vilivyofuata, kwa maana kila mkubwa wa dunia baada ya 1945 alitaka kujua nani anashika Katanga.

Tofauti na njia ya miaka ni kwamba mtoto anaingia akiwa na kitu chake. Tofauti na mada ni kwamba kitu kina tarehe, kina mahali, kina mkono uliokigusa, hakielei hewani.

Hatari ya kwanza ni mtoto kudhani dunia yote inazunguka shaba. Mwalimu akinogewa, China inapotea, India inapotea, Amerika ya Kusini haitajwi kabisa. Nimeona daftari ambamo vita vya pili vya dunia vilikuwa vita vya kutafuta urani, basi. Dawa yake ni kuchagua kila robo mwaka somo moja lisilo na uzi wowote wa kwetu, na kulifundisha kwa moyo uleule. Mimi hufundisha Gandhi na matembezi yake ya chumvi ya 1930. Tena chumvi ni kitu: unaiweka mezani.

Hatari ya pili ni nzito zaidi, na sitaki mwenzangu aingie bila kujua. Ukianzia hapa, unagusa vidonda vya hapa. Reli ya kampuni ya BCK ilipofika Port-Francqui mwaka 1928, ambako sasa ni Ilebo, ilifungua njia kwa watu wengi wa Kasai kuja kufanya kazi kwenye shaba. Wengine waliletwa toka Rwanda na Burundi, toka Rhodesia ya Kaskazini (Zambia ya leo), toka Lomami. Kiswahili chetu hiki kimekomaa katika makambi yale, kati ya watu wasio na lugha moja. Halafu mtoto anayefuata uzi huo atafika 1960, Katanga kujitenga tarehe 11 Julai chini ya kiongozi wake Tshombe, Lumumba kuuawa si mbali na mji huu tarehe 17 Januari 1961. Na atafika 1992 na 1993, pale majirani walipofukuza majirani, na familia zenye asili ya Kasai zikalala kwenye vituo vya treni vya Likasi na Kolwezi zikingoja kuondoka. Katika benchi moja yuko mjukuu wa aliyeondoka na mjukuu wa aliyebaki.

Ukifuata miaka kwa mwendo wa kawaida hutafika huko, na nadhani hiyo ni sababu mojawapo inayowafanya wengi waipende. Mimi ninaona afadhali kufika na mwalimu kuliko kufika na maneno ya mtaani. Ila nina masharti yangu. Simwombi mtoto asimame aseme ukoo wake ni wa wapi. Anayetaka kuandika juu ya jamaa yake anaandika na kunipa mkononi, na haisomwi mbele ya watu bila yeye kukubali. Ninazungumza kwanza na papa prefe, mkuu wa shule, ili mzazi akija na hasira asimkute hajui. Na ninaanza na kazi na reli, ninaacha siasa ije baadaye, maana watoto wakiisha kuelewa kwamba karibu kila ukoo wa mji huu ulikuja kwa treni au kwa miguu, sauti zao zinashuka zenyewe.

Mzee mbele ya darasa, au karatasi?

Anayechagua njia ya vitu atafikiria kumwalika mzee. Nimejaribu yote mawili. Mzee aliyefanya kazi kiwandani analeta kile ambacho karatasi haina: sauti ya king'ora cha asubuhi, uzito wa mfuko wa posho, jina la msimamizi. Watoto wanamsikiliza kuliko watakavyonisikiliza mimi hata nikifundisha miaka 40. Lakini kambo huchanganya miaka, na haki yake. Mmoja alitusimulia mgomo wa Desemba 1941 kana kwamba alikuwapo, kumbe alisimuliwa na baba yake.

Basi ninaweka karatasi kando ya mzee, si badala yake. Wafanyakazi weusi wa Union Minière walidai nyongeza kwa kuwa bei zilipanda kwa ajili ya vita na wenzao weupe walikuwa wamekwisha kuongezewa. Jumanne tarehe 9 Desemba 1941 askari waliwafyatulia risasi kwenye uwanja wa mpira, na makumi ya watu wakafa. Jumapili iliyotangulia, tarehe 7, ndege za Japani zilikuwa zimeshambulia Pearl Harbor. Watoto wakiona kwamba ni juma moja, wanarudi kwa mzee na maswali mapya: mlikuwa mnasikia habari za vita? Kwa redio ya nani? Mzee naye anafurahi kuulizwa hivyo.

Usimwache mzee peke yake na watoto 60. Maswali matano yaandikwe siku moja kabla, kiti kiwe na mgongo, na kipindi kiwe cha asubuhi.

Kifaransa au Kiswahili

Hapa siwezi kuyumba. Mtihani ni wa Kifaransa, kwa hiyo sentensi ya daftarini iwe ya Kifaransa. Maelezo yawe ya Kiswahili, kwanza. Mwaka mmoja nilieleza vita baridi kwa Kifaransa peke yake, watoto wakanakili vizuri kabisa, na msichana mmoja akaniuliza baada ya kengele kama askari walipewa makoti. Alikuwa amefikiri wiki mbili kwamba ni vita vya nchi za theluji. Tangu siku hiyo ninaeleza kwa Kiswahili, ninamwomba mtoto mmoja arudie kwa maneno yake, halafu ndipo tunatunga pamoja sentensi moja ya Kifaransa. Inakula dakika kumi zaidi kila somo. Ninazitoa kwenye kuamlisha, yaani kuwasomea neno kwa neno wakiandika, ambako kunakula muda kuliko kitu chochote shuleni.

Nani achague nini

Kama darasa lako ni jipya kwako, au hujui kama utamaliza mwaka shuleni hapo, fuata miaka, ukianzia 1880. Kama una darasa la 8 ulilolifundisha mwenyewe mwaka uliopita na unajua limeshika mpangilio, mada itakulipa. Kama unafundisha Lubumbashi, Likasi au Kolwezi na una uhakika wa mwaka mzima, fungua kila sura kwa kitu. Aliye Bukavu au Goma atasema sisi hatuna shemine; mnalo ziwa, mnayo mashamba ya chai na kinini, na ninyi mko njiani mwa majeshi ya 1916 kuliko sisi.

Mimi ninachanganya, na kinachoshikilia mchanganyiko wangu ni kamba. Ni kamba ya kuanikia nguo, mita sita, imepigiliwa ukutani usawa wa macho ya watoto. Kila nusu mita ni miaka kumi: upande wa kushoto kabisa 1880, upande wa kulia 2000. Tunafungua somo kwa kitu, na mwisho wa somo mtoto mmoja anakwenda kubana karatasi kwa kibanio cha nguo. Karatasi nyeupe inapanda juu ya kamba, ni ya dunia. Karatasi ya rangi inaning'inia chini, ni ya kwetu. Ukuta wa Berlin, 9 Novemba 1989, juu. Nicolae Ceaușescu wa Romania, rafiki wa Mobutu, kupigwa risasi 25 Desemba, juu. Hotuba ya Mobutu ya 24 Aprili 1990 iliyoruhusu vyama vingi, chini. Wanafunzi kushambuliwa kwenye kampasi ya chuo kikuu cha Lubumbashi, usiku wa 11 kuamkia 12 Mei 1990, chini. Hakuna haja ya kueleza sana. Mtoto anaona karatasi nne zimebanana kwenye upana wa kiganja na anauliza mwenyewe.

Mwaka jana, mwezi wa tano, kamba ilikuwa imejaa. Msichana wa benchi la mbele alinyoosha mkono kuelekea sehemu kati ya 1918 na 1930. Juu palikuwa na karatasi tatu: Versailles, Mussolini kushika Roma mwaka 1922, anguko la soko la hisa la New York la Oktoba 1929. Chini palikuwa patupu. Akauliza: "Mwalimu, miaka yote hiyo kwetu watu walikuwa wanafanya nini?" Nilikuwa na karatasi moja ya rangi iliyobaki. Nilimpa yeye kalamu, nikamwambia aandike 1928, reli, Port-Francqui. Kesho yake mvulana wa nyuma alikuja na jina la baba wa kambo wake, aliyefika mjini na kabati la mbao kwa treni hiyo, na akaomba kibanio.